Kabati Kwenye Kamba

Kabati la mvule halikuwahi kupita kwenye ngazi.
Mwaka wa tisini na saba lilipanda kwa kamba,
Wamimbi barazani akivuta, viganja vikimchubuka,
mimi chini barabarani nikitoa amri
kana kwamba nimezaliwa kuhamisha makabati.
Leo linashuka njia ile ile.
Kamba ni mpya. Fundo si lile lake,
lile alilolileta nyumbani kutoka stesheni
enzi treni ilipokuwa bado inaikumbuka Mbale.

"Mama, sogea," asema Magomu.
Nasogea. Tangu alfajiri nasogea,
chumba hadi chumba, na vyumba ni viwili tu.

Sina malalamiko.
Jengo limeuzwa, tulipewa miezi mitatu, wametaka ofisi.
Nyumba ya Namakwekwe ina ua, ina bomba lake,
na mlango wake husukumwa kwa kidole:
niliujaribu Jumapili,
ukafunguka bila kunijua.
Watu wamenipongeza. Nimezipokea pongezi zote,
nikazifunga pamoja na sufuria.

Lakini karani atakayewekewa meza hapa,
nani atamwambia kwamba kipandio cha saba hakipo,
umeme ukikatika unahesabu sita kisha unaruka?
Nani atamwambia mlango huu hautaki nguvu,
uunyanyue kwa kitasa kama mtoto aliyesinzia,
ndipo uzungushe ufunguo, bega limalizie?
Kwamba maji huja Jumanne usiku,
bomba likikohoa kwanza,
na aliyelala ataoga ahadi?

Kwamba mvua ikishinda mlimani usiku kucha, kama jana,
asubuhi simama jikoni, pembe ya kushoto,
hapo penye tundu la sakafu, si pengine,
utayaona maporomoko ya Wanale, matatu,
nyuzi nyeupe kwenye jiwe jeusi.

Wamimbi alisema ni manne.
Tulibishana miaka kumi na tisa.
"La nne," alisema, "huonwa na watu warefu,"
akanywa chai yake taratibu, kama hakimu.
Hata kule wodini, sauti imebaki nusu,
alininyooshea vidole vinne.

Nandudu wa upande wa pili wa ukuta
hajatoka kuniaga.
Miaka yote alinigongea mara mbili
malewa yakiiva na karanga zikishikana,
nami nilitoka na bakuli bila kuuliza.
Leo asubuhi amegonga mara mbili.
Hakuwa amepika kitu.
Nikagonga.
Akagonga.
Tukaacha hapo.

Kabati lilipofika usawa wa duka la vitambaa
likayumba, likapiga kibao cha Velji,
milango yake miwili ikafunguka kwa pamoja
na magazeti niliyotandika rafuni nikiwa bibi arusi wa pili kwa ujinga
(wa kwanza ni yule aliyelivuta kabati)
yakaruka juu ya Barabara ya Naboa, ya njano, makavu,
habari zote zile zikitafuta tena wa kuzisoma.
Kijana wa bodaboda alidaka ukurasa mmoja,
akasoma bei ya sukari,
akaninyooshea kidole juu: "Mama! Mlikuwa mkiiba?"
Mtaa mzima ukacheka.
Nami nikacheka, nimeegemea nguzo ya baraza,
rangi yake ikinibaki kwenye kiwiko.

Kisha wakaingia kwenye lori kufunga turubai,
na juu kukawa kutupu.
Pale kabati lilipokuwa, ukuta ni wa kijani.
Nilikuwa nimesahau kwamba tuliwahi kuwa na ukuta wa kijani.

Ilibaki ndoo moja, ile ya bluu iliyopasuka mdomo.
Nikaipindua jikoni, pembe ya kushoto, juu ya tundu.
Nikavua viatu, sijui kwa nini. Nikapanda.
Goti likalalamika. Nikashika dirisha.

Moja. Mbili. Tatu.

Na kule kulia kabisa, nyuma ya bega la mwamba,
jembamba kama uzi uliosahauliwa sindanoni:

nne.

"Mama, unaongea na nani?"
Na baba yako. Njoo, Magomu.
Ndoo hii nayo ipakie.